Matokeo Bado Hayajatoka

Nyuma ya kadi hiyo, pembeni mwa takwimu, baba yangu aliandika kwa penseli jina lake na namba 114. Alikuwa na miaka kumi na minne. Namba 114 ndiyo iliyokuwa yake bwenini: ilishonwa kwenye shati, ikakwaruzwa kwenye sahani ya bati, ikapakwa rangi kwenye ndoo. Kitu kisicho na namba, alizoea kutuambia, kilikuwa cha kila mtu, maana yake si chako.

Mbele ya kadi yupo Roberto Clemente, kijana wa Puerto Rico ambaye mwaka huo, 1955, ndipo alipoanza kuichezea timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates. Kadi ya kwanza ya mchezaji katika ligi kuu ndiyo ambayo wakusanyaji huiwinda kuliko zote. Baba hakulijua hilo. Mwalimu aliyempa nadhani naye hakulijua, au hakujali, maana siku hizo kadi zilikuwa vitu vya watoto tu.

Mwalimu huyo alikuwa mmoja wa vijana wa Peace Corps waliokuja kufundisha Tanzania miaka ya sitini. Alifundisha hisabati kwenye shule ya bweni huko kusini, na alikuja na kadi za utotoni mwake ndani ya boksi la bati la biskuti. Mdogo wake aliyebaki Marekani alikuwa akimtumia nyingine kwa posta, zile zilizouzwa kwenye pakiti pamoja na bigijii. Alizitumia kufundishia desimali. Nyuma ya kadi nyingi kuna hesabu: mchezaji alisimama kupiga mara ngapi, na mara ngapi alifanikiwa. Gawanya, upate tarakimu tatu baada ya nukta. Mwenye .300 ni mpigaji hodari, ingawa maana yake ni kwamba amekosa mara saba katika kumi. Baba anasema hilo ndilo lililomshangaza kuliko picha za rangi. Mchezo gani huu ambao mtu anapata tatu kati ya kumi na anaitwa bingwa? Kwenye daftari lake yeye, tatu kati ya kumi ilikuwa aibu ya wiki nzima.

Kila Ijumaa kulikuwa na jaribio, na aliyeongoza alichagua kadi moja. Mwalimu alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao, baba alikuwa na kadi 41, na boksi la bati aliachiwa yeye. Kati ya hizo mbili zilikuwa za Clemente. Ya mwaka 1955 iliandikwa Roberto. Ya mwaka 1965 iliandikwa Bob, kwa sababu kwa miaka mingi kampuni ya Topps iliona heri kumpa jina ambalo Wamarekani wangelitamka bila shida. Baba aliamini kwamba Bob na Roberto ni ndugu. Aliamini hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Nilipoondoka kuja Columbus, Ohio, mwaka 2013, alinipa boksi lile. "Ukikwama, uza," alisema. Nikakwama mara nyingi, kwa kodi ya nyumba, kwa gari, kwa karatasi za uhamiaji, na hata mara moja sikulifungua. Halikunijia akilini. Kwangu lilikuwa boksi la baba, kama ambavyo mtu hawezi kukumbuka kuuza sauti ya baba yake.

Nililifungua mwaka 2020, wakati wa korona, nilipokuwa nakesha kazini ghalani na kulala mchana nikiwa sina usingizi. Marekani nzima ilikuwa imekumbuka maboksi ya utotoni mwake. Bei zilipanda, watu wakakimbilia kampuni zinazopima kadi, hadi mwaka 2021 kubwa kuliko zote, PSA, ikalazimika kusimamisha kwa muda huduma zake nyingi, mzigo ulivyokuwa umeilemea. Ndipo nikaanza kusoma. Nikasoma kwamba Clemente alimaliza maisha yake ya uchezaji akiwa na mipigo 3,000 kamili, kwamba tarehe 31 Desemba 1972 alipanda ndege iliyobeba misaada ya waathirika wa tetemeko la ardhi la Managua, Nicaragua, na kwamba ndege ile ilianguka baharini muda mfupi tu baada ya kuruka kutoka Puerto Rico. Alikuwa na miaka 38.

Nilimpigia baba kumwambia. Kwa miaka yote hiyo yeye alidhani mtu huyo ni mzee mwenzake mahali fulani, amekaa barazani. Alinyamaza kidogo. "Na Bob?" akauliza. Nikamweleza kwamba Bob ndiye huyohuyo Roberto. Akanyamaza zaidi. "Basi wamekufa wote wawili," akasema.

Niseme kidogo jinsi kadi zinavyopimwa, maana bila hivyo tamaa yangu haitaeleweka. Unaituma kadi kwa kampuni. Watu wenye lenzi na taa huitazama pembe zake, kingo zake, uso wake, na kama picha imekaa katikati ya mipaka yake. Kwanza wanaamua kama ni ya kweli, kwa sababu kadi kama ya Clemente ya 1955 zina nakala za bandia zisizohesabika. Kisha wanaipa alama, kuanzia 1 hadi 10, na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki angavu lisilofunguka bila kuvunjwa. Tangu hapo, anayenunua hanunui kadi tu. Ananunua na ile alama. Mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle ya 1952, yenye alama 9.5, iliuzwa dola milioni 12.6. Kadi ileile, toleo lilelile, ikiwa imekunjwa na kuchakaa, huuzwa kwa sehemu ndogo mno ya pesa hizo. Na kupimwa si bure: ada hupanda kulingana na thamani ya kadi, ukiongeza posta na bima. Kwa kadi nyingi, ada ni kubwa kuliko kadi yenyewe.

Nilipiga hesabu zangu. Kati ya kadi 41, moja tu ndiyo iliyostahili kutumwa. Nikairudisha ndani ya boksi, nikasema ipo siku.

Siku hiyo ilikuja Juni 2024. Baba, akiwa na miaka 73, aliteleza uani kwake Songea na kuvunjika nyonga. Dada yangu, ambaye ndiye anayekaa naye, alinipigia saa nane za usiku kwa saa zangu. Madaktari walisema apelekwe Dar es Salaam awekewe kiungo bandia, na wasichelewe. Bima ingelipa sehemu. Kilichobaki, pamoja na gari la kumsafirisha akiwa amelala na gharama za atakayekaa naye mjini, kilikuwa juu yetu. Nilituma dola 600 nilizokuwa nazo. Dada alishukuru, kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeomba radhi: "Mdogo wangu, lile boksi la baba lina chochote?"

Jumamosi ile kulikuwa na mnada wa kadi kwenye ukumbi wa hoteli moja nje ya mji. Nikaenda na boksi limefungwa kwa taulo. Mzee mmoja aliyekuwa na meza kubwa alizipitia kadi zangu haraka, kama mtu anayechambua mchele, mpaka alipofika kwa Roberto. Hapo akapunguza mwendo. Akavuta taa, akaiinamisha kadi ili mwanga uipitie kwa pembeni, akanionyesha mkunjo mwembamba ambao kwa miaka yote sikuwahi kuuona. "Hii ni ya kweli," alisema. Akaigeuza. "Na huyu ni nani?"

"Ni baba yangu."

Akatabasamu, akasema baba yangu aliharibu kadi nzuri. Alinipa ofa ya dola 900, pesa taslimu, palepale. Ikiwa kwenye kasha, alisema, ingefika mbali zaidi, lakini hilo huchukua miezi. Kisha akainama kidogo na kupunguza sauti. Penseli hutoka, alisema. Raba laini, mkono mwepesi. Watu hufanya. Bila maandishi hayo na ikiwa na alama nzuri kidogo, labda mara mbili ya pesa hizi.

Dola 900 zilikuwa kama milioni mbili na laki tatu. Nilisimama mbele ya meza ile nikijua kabisa dada anasubiri, na nikasema ngoja nifikirie.

Njiani kurudi nilinunua raba.

Kwanza niliijaribu kwenye kadi nyingine, ya mchezaji wa Kansas City asiyekumbukwa na mtu, ambayo nayo ilikuwa na jina la baba na 114 nyuma yake. Nilisugua polepole, nikipuliza vumbi. Maandishi yalififia, yakaisha. Nikafurahi. Kisha nikaiinamisha chini ya taa kama yule mzee, na nikaiona 114 ingalipo, imechimbika kwenye karatasi bila rangi, kama kovu. Baba alikuwa ameandika kwa nguvu. Pale raba ilipopita palikuwa peupe kuliko kwingine. Msahihishaji yeyote angepaona.

Nilikaa na kadi ya Roberto mbele yangu kuanzia saa nane hadi saa kumi za usiku. Ningependa kuandika kwamba kilichonizuia ni heshima kwa baba. Ukweli ni kwamba niliogopa kuiharibu na kupoteza pesa. Heshima ilikuja baadaye, nilipokuwa tayari nimeiweka raba chini.

Jumatatu dada alinipigia. Pesa zimetimia, alisema, baba anaingia chumba cha upasuaji Jumatano. Nilimuuliza zimetoka wapi.

"Nimeuza mahindi."

Gunia 34, mavuno yake yote isipokuwa ya chakula. Anayejua Ruvuma anajua maana yake. Mwezi wa sita kila mtu amevuna, wanunuzi wanapita na magari yao wakitaja bei wanayotaka. Mwenye uwezo wa kusubiri huweka ghalani mpaka Januari, mahindi yanapoadimika. Dada alikuwa na uwezo wa kusubiri. Ghala alilijenga mwenyewe kwa ajili hiyo.

"Si ungesubiri Januari?" nikasema. Mdomo wangu ulitangulia akili.

"Baba naye asubiri Januari?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka tu. Na hakujua, kwa sababu nilikuwa sijamwambia, kwamba siku mbili kabla kaka yake alishika milioni mbili na ushee mkononi na kuziachia kwa sababu huenda mbeleni zingekuwa nne. Yeye aliuza mali yake ikiwa mbichi, kwa bei ya mnunuzi, kwa sababu mgonjwa alikuwa na haraka. Mimi nilikuwa nasubiri alama.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wiki mbili baadaye, baba akiwa kwa shangazi Mbagala na anaanza kusimama kwa kushikilia chuma, niliwapigia wote wawili kwa video. Dada alishika simu. Nilisalimia, nikaitikiwa, nikawaeleza yote: mnada, dola 900, raba. Sikuacha kitu. Nilipomaliza nilisubiri kufokewa.

Ni lazima msomaji ajue kwamba baba yangu alikuja kuwa mwalimu, wa hisabati, na kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Likizo nyingi za utoto wetu alikuwa hayupo, amekwenda kusahihisha. Alirudi na macho mekundu na vidole vyenye wino. Kwa hiyo swali lake la kwanza halikuwa la pesa.

"Hizo kadi zinasahihishwa na watu wangapi?"

Nilimwambia ninachojua: kwamba kadi hupita mikononi mwa zaidi ya mtu mmoja, na kwamba hata hivyo hukosea. Nikamsimulia kadi ya Honus Wagner, ambayo mwaka 1991 ilikuwa ya kwanza kabisa kupimwa na PSA. Ilipewa alama 8. Ikawa kadi maarufu kuliko zote duniani, ikabadilisha wenyewe kwa mamilioni. Mwaka 2013 mfanyabiashara aliyewahi kuimiliki, Bill Mastro, alikiri kwamba alizikata kingo zake kabla haijapimwa ili ionekane kali. Kwa kanuni zao, kadi iliyokatwa haistahili namba yoyote.

Baba alicheka mpaka akashika nyonga. "Amesahihishiwa mtihani aliouibia," alisema. "Wapo. Tuliwakuta." Kisha akaacha kucheka. "Na wewe, ya Roberto umeifuta?"

"Hapana, baba."

"Ipi uliyofuta?"

"Ya mtu mmoja wa Kansas City. Haina thamani."

Alitazama pembeni ya simu, kwenye ukuta ambao mimi siuoni. "Ile niliipata wiki niliyokuwa na malaria," alisema. "Mwalimu alitaka niahirishe jaribio. Nikakataa. Nilifanya mtihani nikiwa nimejifunika blanketi."

Sikuwa na la kujibu. Kadi 41, na nilikuwa nimezipanga zote kwa thamani moja tu, ile inayopatikana kwa kutafuta kwenye simu. Yeye alikuwa na orodha nyingine kichwani, na kwenye orodha hiyo mtu wa Kansas City huenda alikuwa juu ya Roberto.

"Tuma hiyo ya Roberto," alisema hatimaye. "Isahihishwe. Nataka kujua."

Nilishangaa. Nilidhani atasema iachwe, ni kumbukumbu, haina bei. Hivyo ndivyo wazee wanavyosema kwenye hadithi. Lakini baba anaamini katika kusahihishwa. Kadi zile hazikumfikia kama zawadi. Alizipata kwa alama. Kwake yeye, kazi isiyosahihishwa haijakamilika.

"Ila namba yangu isiguswe," akaongeza. "Wapunguze maksi watakazo. Mtahiniwa asiyeandika namba yake hana matokeo." Kisha: "Na ikirudi si yako. Ni ya mwenye mahindi."

Dada alijigeuzia simu. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilimwona anacheka. "Mimi sina haja na karatasi," alisema. "Lakini kama ni yangu, nitauza Januari."

Kwa hiyo niliituma. Kadi za 1955 ni kubwa kuliko za kuanzia 1957, hivyo mfuko wa kawaida haukuitosha. Nikatafuta wa saizi yake, nikaiweka kati ya makadibodi mawili, nikaifunga kwa utepe nisioukaza sana. Kwenye fomu kuna sehemu ya kutaja thamani ya unachotuma. Nilikaa na kalamu kwa muda. Ningeweza kuandika namba nilizoziota. Niliandika 900, kwa sababu ndiyo namba pekee ambayo mtu mwenye pesa mfukoni alinitamkia usoni, na ndiyo niliyomnyima dada.

Najua haitapata alama kubwa. Ina mkunjo, pembe zimelika, na nyuma ina maandishi. Kwa kadi iliyoandikwa, wanaweza kuongeza herufi mbili kando ya namba kuonyesha kwamba imechorwa, au kushusha namba yenyewe. Huenda ikapata 2. Huenda 1. Inawezekana dola 900 za yule mzee ndizo zilizokuwa bei yake halisi, na kwamba nitalipa ada na posta ili nithibitishiwe hilo. Lakini itakuwa imethibitishwa kuwa ya kweli, na 114 itakuwa imefungiwa ndani ya plastiki ambako raba haifiki, si yangu wala ya atakayeinunua.

Ile ya Kansas City iko mezani kwangu. Nilifikiria kuandika upya jina na namba juu ya kovu lake, kwa penseli, kwa kufuata mfereji alioacha baba. Niliacha. Huko kungekuwa kughushi mara ya pili.

Baba amerudi Songea. Anatembea kwa chuma mpaka barazani na kurudi. Kila Jumapili nikipiga, kabla sijamaliza shikamoo, ananiuliza kama vijana waliomaliza kidato cha nne: "Matokeo?"

"Bado, baba."

Jumapili iliyopita alikuwa amepiga hesabu kwenye kipande cha gazeti. Nilimtajia zamani kwamba Clemente alisimama kupiga mara 9,454. Aligawanya 3,000 kwa hiyo namba, kwa mkono, akapata .317, akataka nihakikishe kama amepata. Amepata. Akaridhika, akakunja gazeti lake.

"Mimi nikipewa tatu kati ya kumi nitashukuru," alisema. "Kwenye mchezo ule, hiyo ni bingwa."